Tashwishi ya Pima Tena

Mume wangu aliponiomba nimkubali, nilimkubali palepale, maana nilikuwa nimeshamngoja miezi minne na sikuwa na muda wa kuringa. Kesho yake asubuhi akaja tena nyumbani kwetu, na shati lake lilelile, akaniuliza kama jana nilisema ndiyo. Nikamwambia ndiyo, nilisema ndiyo. Akashukuru, akaondoka. Jioni akamtuma dada yake aje kuniuliza. Hapo ningekuwa na akili ningekimbia, lakini nilicheka mpaka nikakaa chini, na mtu akishakuchekesha namna hiyo, umekwisha.

Leo ni miaka thelathini na tatu, na mtaa mzima unamwita Pima Tena. Jina alipewa na mwuza nyama, siku aliyomrudishia kilo moja ya nyama mara tatu aipime upya, kwenye mizani ambayo yeye mwenyewe, mume wangu, alikuwa ameitengeneza wiki moja kabla. Ndiyo kazi yake. Ni fundi wa mizani. Mizani ya bucha, ya ghala, ya zahanati, hata ile ya beseni wanamolazwa watoto wachanga wakipiga mayowe, zote hupitia mikononi mwake. Anaifungua, anaisafisha, anaisawazisha mpaka mshale usimame kwenye sufuri bila kutikisika, kisha anapitisha waya mwembamba kwenye skrubu na kuubana kwa kipande cha risasi laini chenye alama yake. Huo ndio muhuri. Ukivunjwa, kila mtu anajua mizani imeguswa.

Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake ni kutoamini, halafu uolewe naye. Nikimwambia chumvi imekwisha, anafungua kopo. Saa ya ukutani anailinganisha na ya mkononi, ya mkononi anailinganisha na redio, na redio ikishasema saa, anaigunia. Siku niliyojifungua, muuguzi alipomwambia mtoto ni wa kike na ana kilo tatu na robo, aliitikia kwa adabu zote, akaomba kuiona mizani.

Mwenyewe hasemi ana shaka. Anasema ana tashwishi.

Mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka ishirini na sita, na kwa muda wote huo neno hilo nimelisikia midomoni mwa watu wawili tu, mama mkwe wangu na mwanawe. Vitabuni lipo, wanaoandika bado wanalipenda. Lakini mtaani kwetu limekufa na wazee wake. Nilipoliandika ubaoni mara moja, watoto walidhani ni ugonjwa, na mmoja akaniuliza kama unaambukiza. Nikamwambia sana, mimi naishi nao nyumba moja. Kisha nikajirudi, nikafundisha kama inavyotakiwa: ni hali ya moyo kutotulia juu ya jambo, kutolisadiki, kubaki katikati. Mtoto yuleyule akasema, "Si useme shaka tu, Mwalimu?" Sikuwa na jibu zuri siku ile.

Mume wangu neno lile analitumia kama chumvi. Ana tashwishi na mwuza mafuta. Ana tashwishi na wingu. Ana tashwishi na ile jozi ya soksi, anahisi si pacha. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ukutani kuna rafu tatu: ya juu ni ya mizani mbovu, ya chini ni ya mizani nzima, na ya katikati, iliyo ndefu kuliko zote mbili, ni rafu ya tashwishi. Humo hukaa mizani ambazo zimeshatengenezwa, zimeshapimwa, hazina ubaya wowote, ila yeye moyo wake haujakubali.

Karibu na dirisha, juu ya meza yake, kuna sanduku la mbao lenye kitambaa cha buluu ndani. Humo mna mawe yake ya mizani, kumi na moja, ya shaba, kuanzia la kilo mbili mpaka lile la gramu moja ambalo ukipiga chafya umelipoteza. Hayo ndiyo anayopimia kila kitu. Aliyanunua kwa fundi aliyemfundisha kazi, na kila Jumamosi baada ya chai huyatoa moja moja na kuyasugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, mpaka unaweza kujichania nywele humo. Hayatoki nje ya karakana bila yeye. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nililishika la nusu kilo kwa mkono wenye unga, na mpaka leo tukigombana kwa jambo lolote ananikumbusha.

Mtoto wetu ni huyohuyo mmoja, wa kilo tatu na robo. Alijifunza kazi akiwa amesimama juu ya kreti kando ya baba yake, akaenda chuo cha ufundi miaka miwili, akarudi na cheti na mawe yake mwenyewe, ya chuma cheupe kisichoshika kutu, kwenye sanduku la plastiki. Mawe hayo aliyaweka chini ya kitanda. Kutumia mawe mengine ndani ya karakana ya baba yake kungekuwa kumvunjia heshima, kwa hiyo miaka sita alipima kwa mawe ya shaba, baba yake akiwa amemsimamia begani kama mwalimu wa mtihani.

Na kila muhuri aliopiga binti, jioni baba yake aliuvunja.

Sitanii. Anaufungua waya, anapima upya, anakuta iko sawa, anafunga tena kwa muhuri wake. Kila mara anakuta iko sawa. Nilimwuliza siku moja, "Sasa unavunja ya nini?" Akanitazama kama niliyemwuliza kwa nini anapumua. "Bila kuvunja ningejuaje kama iko sawa?" Wateja nao walishazoea. Mizani ikitoka karakana wanauliza, "Muhuri huu ni wa binti au wa mzee?" na binti anatabasamu, ila mimi ni mama yake, najua tabasamu lipi ni lipi.

Basi, Jumapili moja tukiwa mezani, binti akatoa barua. Kiwanda cha sabuni, mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, kilikuwa kinamtaka awe mpimaji wao mkuu. Jibu lilitakiwa kabla Ijumaa haijaisha. Baba yake aliisoma barua mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Una hakika ni kiwanda cha kweli?" akauliza.

"Nimewapigia simu, Baba."

"Wewe unataka kwenda?"

"Sitaki," binti akasema. "Napenda hapa. Napenda kazi yetu. Lakini sitaki kufika miaka arobaini nikiwa mtu wa kuvunjiwa mihuri."

"Nani anakuvunjia?"

Mimi na binti tukatazamana, tukashindwa hata kucheka.

"Nakuomba mizani moja tu," binti akaendelea. "Ile ya duka la dawa. Imefungwa kwenye kaunta, haitoki, kwa hiyo kesho nitaitengenezea kulekule, kwa mawe yangu. Nitaipiga muhuri wangu na wewe hutaigusa. Si jioni, si keshokutwa, si ukipita kununua dawa ya kichwa. Ukiweza hilo, nabaki kwa moyo mweupe. Usipoweza, nitajua la kuwajibu hao wa kiwanda."

Mume wangu alitafuna mkate wake kwa muda mrefu mno, nikaogopa atausaga unga.

"Sitagusa," akasema.

Ulimi uliniwasha kumwuliza tena, kisha jioni nimtume jirani aje amwulize, nijilipizie ya ujana. Nikajizuia, maana kwa kweli roho yangu ilikuwa juu. Nitasema wazi: niliogopa. Nilimpenda binti yangu kiasi cha kutaka aende kokote anakothaminiwa, na nilijipenda mwenyewe kiasi cha kutotaka kubaki peke yangu na mtu anayegunia redio. Na huyo baba yake, kwa ukaidi wake wote, bila binti yule angekauka kama kuni.

Jumatatu binti alikwenda duka la dawa, akarudi mchana akipiga mluzi. Jumanne mume wangu aliyang'arisha mawe, wala haikuwa Jumamosi. Jumatano alitembea kutoka meza hadi mlango, mlango hadi meza, nikamwambia kama ni hivyo apite na ufagio. Akasema, "Mke wangu, dawa si nyama. Ukikosea nyama, mtu anapungukiwa mchuzi. Ukikosea dawa?" Nikamwambia binti yake hakukosea. Akasema hakuna aliyesema amekosea, ila yeye ana tashwishi tu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafua. Akapita ua akiwa na kitu kimefungwa taulo kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Hapo tu. Nanunua dawa ya kichwa."

Akaishia barabarani. Mimi nikaendelea kufua, nikasugua kola yote ya shati, ndipo maneno yakaniingia. Dawa ya kichwa! Nikakimbilia karakana, na mezani karibu na dirisha kulikuwa na mstatili msafi pale sanduku lilipokaa, na vumbi pembeni yake. Nilitoka vile nilivyo, mikono ina povu.

Duka la dawa linaendeshwa na mama mmoja mwenye miwani minene, niliyemfundisha darasa la tatu, na mpaka leo ananiita Mwalimu na kuficha pipi akiniona. Nilipoingia alikuwa amesimama upande wake wa kaunta, ameshika bisibisi ya mume wangu na anakataa kumrudishia. Muhuri wa binti ulikuwa vipande viwili juu ya kioo. Kwenye sahani ya mizani lilikuwa limekaa jiwe la kilo, linang'aa kama jua, na mshale umesimama nyuma kidogo ya alama.

"Angalia!" mume wangu akaniambia. "Mia tisa tisini na saba! Kwenye kilo nzima! Gramu tatu, mke wangu, kwenye dawa!"

Kilichoniuma hakikuwa sauti. Kilikuwa uso wake. Alikuwa amefurahi. Alikuwa na raha ya mtu ambaye kiatu kilichokuwa kikimbana wiki nzima kimevuliwa. Nilisimama pale na povu langu linakauka vidoleni, na nilimchukia mume wangu kama dakika moja hivi.

Mama wa duka la dawa akaifunika mizani kwa kitambaa. "Mimi sipimi dawa kwa mizani yenye kesi," akasema. "Shikamoo, Mwalimu. Binti alipima kwa mawe yake akasema iko sawa. Mzee anapima kwa yake anasema haiko sawa. Mmoja wao kakosea na mimi sijui nani. Nendeni ofisi ya vipimo na mawe ya wote wawili, mkirudi na karatasi nitafunua."

Tulirudi nyumbani. Binti alikuwa karakana, ameinama juu ya mizani ya ghala. Baba yake hakungoja hata kuweka sanduku chini.

"Umekosea gramu tatu," akasema. "Nilikuwa na tashwishi tangu Jumatatu."

Binti alitazama taulo, akatazama sanduku. Aliweka bisibisi chini, akanawa mikono, akaenda chumbani na kurudi na lile sanduku lake la plastiki, akaniwekea mimi mikononi.

"Mama, mkienda ofisi ya vipimo mchukue na haya."

"Wewe huendi?"

"Mimi najua nilichopima."

Akaingia chumbani na kufunga mlango polepole. Angeubamiza ningefurahi. Kutwa nzima hakutoka ila kwa maji, na mimi nikawa napita mlangoni kwake nikisikiliza kama anapanga nguo kwenye begi.

Ijumaa asubuhi mume wangu akaanza visingizio. Ofisi iko mbali. Ofisi ina foleni. Mwisho akatoa lile alilokuwa nalo rohoni: "Na hiyo mizani yao, yao wenyewe, nani kaipima?" Ndipo nilipopata habari kwamba mtu huyu, anayepima mkate, hakuwa amepeleka mawe yake kukaguliwa kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu ana tashwishi na ofisi inayokagua. Nilimwambia avae viatu. Nilimwambia kwa ile sauti ya darasani, inayonyanyua wavulana wa dawati la nyuma, na akavaa.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye baridi, madirisha hayafunguliwi, na mizani imefunikwa kwa boksi la kioo. Mkaguzi alikuwa kijana wa umri wa binti yetu, mpole, amevaa glavu nyeupe kama bwana harusi. Alilichukua jiwe la kilo la mume wangu kwa koleo lenye ncha laini, akaliweka, akafunga kioo, akasubiri.

"Mia tisa tisini na saba," akasema.

"Pima tena," akasema mume wangu.

Kijana akapima tena. Mia tisa tisini na saba. Mume wangu akaomba mizani nyingine. Kijana, Mungu ampe afya, akafunua nyingine. Ikawa ileile. Kisha akaweka jiwe jeupe la binti, na namba zikakimbia zikasimama kwenye elfu moja kamili, zikatulia hapo.

Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha nikamtazama mume wangu, nikaghairi.

"Mzee, haya mawe unayatunzaje?" kijana akauliza.

"Vizuri! Kila Jumamosi nayasugua. Kwa dawa na kitambaa. Miaka thelathini na zaidi, hata nikiumwa."

"Na kitambaa kinatoka cheusi?"

"Cheusi tii. Usiombe. Uchafu unaoshika shaba, kijana wangu, huwezi kuamini."

Mkaguzi akavua glavu moja, akajikuna kidevu. Nilimwona akitafuta maneno ya kumwambia mtu wa umri wa baba yake. "Mzee wangu," akasema, "ule si uchafu. Ule weusi ndiyo shaba yenyewe."

Mume wangu aliliangalia jiwe lake, lililosuguliwa mpaka namba iliyochongwa juu ilikuwa imebaki kivuli, na nikaona akihesabu Jumamosi kichwani. Kijana akatufariji kwamba gramu tatu kwenye kilo hazijamdhuru mtu, si kwa nyama wala kwa mchele, na mtoto mchanga akikojoa tu anapungua zaidi ya hapo. Ila mizani zote zilizopimwa kwa mawe yale zirudiwe. Akaandika karatasi mbili, akatugongea muhuri, akatusindikiza hadi mlangoni.

Nje kulikuwa na benchi, tukakaa. Mume wangu aliweka sanduku magotini akawa anataja kwa kidole kimoja kimoja: bucha, ghala, zahanati, duka la pembeni, mwuza misumari. Vidole vikaisha akaanza upya.

"Zote nimezitia kombo mimi," akasema. "Na yeye pia nilimtia kombo, miaka sita, kwa mawe yangu. Siku moja tu alipotumia ya kwake, ndiyo siku aliyokuwa sawa. Na hiyo ndiyo siku niliyomwambia kakosea."

Ningeweza kumwacha hapo. Alikuwa ameshaumia. Lakini mimi ni mwalimu, na nilikuwa na jibu ambalo nilikuwa nimelikosa siku ile ubaoni, na lilikuwa limenijia palepale benchi.

"Mama yako hakulitumia lile neno kama unavyolitumia wewe," nikamwambia.

"Neno gani?"

"Unajua neno gani. Alipokuwa anafua shuka za hospitali na kuzihesabu jioni, ikimjia aliniita mimi. 'Mkwe wangu, njoo unihesabie, nimeingiwa na tashwishi.' Alisema hivyo, nimeingiwa. Sikumsikia hata siku moja akisema ana tashwishi na fulani. Kwake lilikuwa kama mafua. Linamwingia mtu, na likimwingia, anajua macho yake siku hiyo hayafai, anamwita mwingine amtazamie. Akiambiwa ziko sawa, anasema haya, anafunga mzigo, anakwenda kulala. Wewe umelitoa kwako ukambandika nalo kila anayepita."

Aliufungua mfuniko wa sanduku, akaufunga. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa anakuita wewe?"

"Karibu kila siku."

"Mimi hakuwahi kuniita."

"Wewe ungehesabu mara nne. Shuka zingeozea kwenye kapu."

Akacheka. Alicheka kweli, akafuta macho kwa ile taulo, na nikamsamehe, maana nimesema tangu mwanzo mimi udhaifu wangu uko wapi. Lakini nilimkumbusha kwamba leo ni Ijumaa, na saa ni saa sita, na nyumbani kuna barua.

Tulimkuta binti karakana. Alikuwa ameinua mikono akiteremsha mizani kutoka rafu ya tashwishi, anaziweka ya chini moja moja. Mume wangu alisimama mlangoni kama mteja. Nilitegemea ataanza na kikohozi, kisha historia ya shaba, kisha ofisi ya serikali. Hakufanya hivyo.

"Mwanangu, mizani yako ilikuwa sawa," akasema. "Mawe yangu ndiyo mepesi. Nimeyapunguza mwenyewe kwa kitambaa. Nilikuahidi sitagusa na nikagusa, na nilipodhani umekosea nilifurahi. Nisamehe. Hilo la kufurahi ndilo linaloniuma zaidi."

Binti aliweka chini mizani aliyoishika. "Pole, Baba," akasema. Kisha akauliza, bila ukali wowote: "Sasa umeniamini mimi, au umeiamini mizani ya ofisi?"

Nilimwombea mume wangu aseme uongo. Mwanaume mwingine yeyote angesema, wewe, mwanangu, wewe! Yeye akafikiria. Alisimama na lile sanduku lake akafikiria mpaka nikataka kumkanyaga mguu.

"Mizani," akasema. "Sitakudanganya. Wewe bado sijaanza. Nataka kuanza, ila sijui mtu anaanzaje, na najua nimechelewa. Leo ni Ijumaa. Ukitaka kwenda kiwandani, andika, nitaipeleka barua mimi mwenyewe, na siku ya safari nitakubebea begi. Sitauliza mara mbili."

"Barua nilishaijibu," binti akasema.

Nilishika ukingo wa meza. "Jana?" nikauliza. Nilijua ni jana, alipofunga ule mlango.

"Jumatatu, Mama. Nilipotoka duka la dawa nilipitia posta. Niliwaandikia nawashukuru, lakini siji. Nilitaka niwaambie leo mezani, mfurahi."

Mume wangu hakuelewa, nikamwona haelewi. Kichwa chake kilikuwa kinarudi nyuma siku moja moja, Alhamisi, Jumatano, Jumanne.

"Jumatatu," akasema. "Kabla hata hujaona kama nitagusa au sitagusa?"

"Ulisema hutagusa, Baba."

Basi hapo ndipo alipokaa. Alikaa juu ya kreti, mtu mzima na mvi zake, akaweka sanduku sakafuni na kulia kwa sauti, na sikumbembeleza, na binti hakumbembeleza pia mara moja. Alimwacha alie kiasi. Kisha akatoa daftari na kalamu, akachuchumaa mbele yake, akamwambia ataje majina ya wateja wote aliowahi kuwapimia, kuanzia wa karibu. Waliandika mpaka ukurasa wa tatu. Mume wangu alipomaliza kumtaja wa mwisho, akafuta pua na kuuliza kesho wanaanza saa ngapi.

"Saa moja," binti akasema. "Tunaanzia bucha. Napima mimi, wewe unabeba sanduku langu na kuwaeleza watu kilichotokea."

"Sawa, fundi," akasema mume wangu.

Nikageuka dirishani kujifanya naangalia mtu barabarani, maana hajawahi kumwita hivyo mtu mwingine ila yule aliyemfundisha kazi.